Kufuma kwa sindano mbili na kujipikia nyumbani: tujifunze kuisoma kazi iliyo mikononi

#1 Sindano_Mbili (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Nimefungua uzi huu wa mazungumzo kwa ajili ya watu wazima wanaojifunza kufuma kwa sindano mbili na kujipikia nyumbani, kazi ambazo mimi nilizianza katika mwezi mmoja, miaka saba iliyopita, nilipoanza kuishi peke yangu nikiwa sijui kupika chochote zaidi ya chai. Nilinunua sufuria moja yenye mfuniko, kisu, sindano mbili na bonge la uzi wa sufu, nikaamini kwamba nikifuata maelekezo neno kwa neno mambo yatakwenda. Hayakwenda. Skafu yangu ya kwanza ilianza na vitanzi 24 na baada ya jioni tatu ikawa na vitanzi 31, na vitunguu vyangu viliungua siku ileile ambayo maelekezo yalisema vikaangwe "kwa dakika tano hadi viwe vya rangi ya dhahabu".

Kwa muda mrefu nilidhani kwamba sina mkono wa kazi hizi. Nilichokuja kukigundua ni kwamba maelekezo humwambia mtu afanye nini, lakini hayamfundishi kutambua kile anachokiona, na mwanafunzi anayeweza kutazama kitanzi akajua kimetoka wapi, au kusikiliza sufuria akajua maji yamebaki kiasi gani, hujisahihisha mwenyewe kabla kazi haijaharibika. Ndiyo maana nawasihi wanaoanza wachague fumo moja tu na vyakula vitatu au vinne tu, wavirudie kwa wiki kadhaa, na katika kila marudio watazame kwa makini zaidi.

Nianze na kufuma. Chagua sindano za mti au mwanzi zenye unene wa milimita 4 hadi 5, kwa sababu sindano za chuma huteleza na vitanzi vya mwanafunzi hudondoka kirahisi. Uzi uwe wa unene wa wastani, laini usio na manyoya, na wa rangi nyepesi. Watu wengi huvutiwa na uzi mweusi au uzi wenye nywelenywele, nami nawaomba sana wauache kwanza, kwa kuwa katika nyuzi hizo huwezi kuona kitanzi kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi, na kuona ndiko unakojifunza. Sufu ni bora kuliko pamba kwa mikono inayoanza, maana sufu hunyumbuka na kusamehe kasoro ndogo, ilhali pamba hainyumbuki na huchosha vidole.

Mwendo wenyewe ni huu: ingiza ncha ya sindano ya kulia ndani ya kitanzi cha kwanza kilichoko kwenye sindano ya kushoto, kutoka mbele kwenda nyuma, zungusha uzi kwenye ncha hiyo, vuta uzi upite ndani ya kitanzi, kisha acha kitanzi cha zamani kitoke kwenye sindano ya kushoto. Kitanzi kipya kimepatikana kwa kupitishwa ndani ya kile cha zamani, na kila nguo iliyofumwa kwa sindano mbili, hata iwe na mapambo kiasi gani, imejengwa juu ya tendo hilo. Kitanzi ulichokifuma kwa mbele hivyo huonekana kama herufi V. Ukigeuza kazi na kukitazama kwa nyuma, kitanzi hichohicho huonekana kama kinundu kidogo kilicholala. Kufuma kwa nyuma, kunakowatisha wengi, ni kukitengeneza kitanzi hichohicho ukiwa umesimama upande wa pili, kinundu kikiwa kinakutazama wewe.

Ukifuma kwa mbele safu zote, kwenda na kurudi, utapata kitambaa chenye matuta pande zote mbili, ambacho hulala vizuri bila kujikunja. Ukibadilishana safu moja ya mbele na moja ya nyuma, upande mmoja utakuwa laini wa V tupu, lakini kingo zitajikunja. Wengi hufikiri wamekosea na kujaribu kuzinyoosha kwa pasi. Hawajakosea, kujikunja ndiyo tabia ya fumo hilo, na kwa sababu hiyo kingo za sweta hufumwa kwa mchanganyiko wa vitanzi vya mbele na vya nyuma ili zitulie na kunyumbuka.

Pendekezo langu ni kwamba kitu cha kwanza kisiwe skafu. Skafu ni ndefu mno, makosa ya mwanzo huning'inia shingoni mwaka mzima, na mtu huichoka kabla hajaimaliza. Fuma kitambaa cha kuipulia sufuria yako mwenyewe. Anzisha vitanzi 30 na ufume kwa mbele safu 60, kwa kuwa katika fumo hili la matuta safu mbili hufanya tuta moja, na tuta moja lina kimo kinachokaribiana sana na upana wa kitanzi kimoja, hivyo utapata mraba bila kuhitaji rula. Fuma miraba miwili, uishone pamoja ili iwe na tabaka mbili, kisha uitumie jikoni.

Hapa nasisitiza jambo la usalama: kitambaa hicho kiwe cha sufu au pamba, kamwe kisiwe cha akriliki. Akriliki huyeyuka kwenye joto kali na kunata kwenye ngozi. Sufu haishiki moto kirahisi. Na kitambaa cha aina yoyote kikiwa kimelowa hupitisha joto upesi, kwa hiyo usiipue sufuria kwa kitambaa chenye maji.

Kuhusu jiko, nitarudi jioni, kwa sababu vitunguu vinastahili maelezo yao wenyewe.

#2 Mkono_Mzito

Nashukuru kwa uzi huu, ndugu. Nina matatizo mawili. La kwanza, vitanzi vyangu hubana kiasi kwamba kufikia safu ya tano sindano haiingii tena. La pili ni lile ulilolitaja, vitanzi kuongezeka vyenyewe. Nilianza na 30, sasa nina 34, na sijui vimetoka wapi.

#3 Sindano_Mbili

Ndugu Mkono_Mzito, la kwanza karibu kila mara linatokana na kufuma kwenye ncha. Ncha ya sindano ni nyembamba, na kitanzi kikizungushwa hapo huchukua ukubwa wa ncha. Kikisukumwa kwenda sehemu nene hukataa. Peleka kila kitanzi kipya hadi kwenye mwili wa sindano kabla ya kuendelea na kingine, kwa maana unene wa mwili ndio unaokipima. Pili, tazama mkono unaoshika uzi. Ukiuvuta uzi kila baada ya kitanzi kwa hofu kwamba utalegea, unaongeza mkazo usiohitajika. Upitishe juu ya kidole cha shahada na chini ya vidole vingine, kisha uuache utiririke wenyewe. Kama hata safu ya kuanzishia vitanzi inabana, ianzishe kwa sindano nene kidogo, kisha urudi kwenye sindano zako za kawaida.

Vitanzi vinavyozidi vina vyanzo viwili ambavyo mimi binafsi vimenisumbua, na kila kimoja huacha alama yake. Chanzo cha kwanza kiko mwanzoni mwa safu. Ukigeuza kazi, uzi utokao kwenye bonge unatakiwa kuning'inia chini, na unapoupeleka nyuma upite chini ya sindano. Ukiupandisha juu ya sindano na kuuvutia nyuma, kitanzi cha kwanza huinuka na kuonyesha miguu yake miwili, nawe unaifuma kama vitanzi viwili. Alama yake ni ukingo unaopanuka kama ngazi. Chanzo cha pili kiko katikati: uzi umebaki mbele ya kazi wakati unafuma kwa mbele, ukajizungusha juu ya sindano, na katika safu inayofuata ukaufuma kana kwamba ni kitanzi halali. Alama yake ni tundu.

Kwa hiyo, kabla hujafumua chochote, kiweke kitambaa mezani kwenye mwanga na ukitazame. Kama kingo zimepanuka na katikati pako sawa, ni kosa la kwanza. Kama kuna matundu, ni la pili. Mimi skafu yangu ya vitanzi 31 ilikuwa na matundu mawili, na vitano vilivyobaki vilitoka kwenye kingo. Nilipovihesabu hivyo, mmoja baada ya mwingine, nikiwa na kalamu na karatasi, ndipo kwa mara ya kwanza nilihisi kwamba kitambaa kile kinaniambia kitu.

Hesabu vitanzi mwishoni mwa kila safu kwa wiki mbili za mwanzo. Inachosha, lakini kosa la safu moja hufumuliwa kwa dakika mbili, na la safu ishirini huchukua jioni nzima.

Na kitanzi kikidondoka, msishtuke, wala msikimbilie kufumua kila kitu. Kitanzi kilichodondoka hushuka safu moja baada ya nyingine na kuacha vijiti vya uzi vilivyolala kama ngazi. Geuza kazi ili upande wa V ukutazame, chukua kroshia, yaani sindano yenye ndoano nchani, uiingize ndani ya kitanzi kutoka mbele, unase kijiti cha chini kabisa, ukivute kipite ndani ya kitanzi, na upande hivyo kijiti kwa kijiti hadi juu. Katika fumo la matuta itakubidi ugeuze kazi kila baada ya kijiti kimoja, kwa kuwa safu zake hupishana.

Sasa vitunguu. Kitunguu kina maji mengi, na maji katika sufuria iliyo wazi hayapiti nyuzi joto 100. Rangi ya kahawia na harufu nzito ya kukaangwa huja upesi pale joto la uso wa chakula linapofika karibu na nyuzi 140, kwa mmenyuko kati ya sukari na asidi za amino ambao umepewa jina la mkemia Mfaransa Louis Camille Maillard, aliyeueleza mwaka 1912. Maana yake kwetu ni kwamba kitunguu hakiwezi kugeuka rangi vizuri kabla maji yake hayajakauka, na hakuna maelekezo yanayoweza kubadilisha hilo kwa kuandika "dakika tano".

Chukua vitunguu viwili vikubwa, ukate vipande vyembamba vinavyolingana, utie mafuta kidogo kwenye kikaangio kipana, moto wa wastani, na chumvi kidogo mapema ili ivute maji yatoke. Mwanzoni utasikia sauti kubwa yenye unyevu, kama mvua juu ya bati. Hayo ni maji yanayotoka. Baada ya dakika tano hadi nane vitunguu hulegea na kupitisha mwanga. Kwa mchuzi mwepesi, hapo panatosha. Ukiendelea, sauti hushuka na kuwa kavu na yenye kuchechea, na kingo huanza rangi ya dhahabu kwenye dakika ya kumi na tano au ishirini. Kuanzia hapo punguza moto na usiondoke. Ukitaka kahawia iliyokolea na utamu wake, hesabu dakika 40 au zaidi, na kikaangio kikianza kushika rangi chini, tia kijiko cha maji ukwangue kwa mwiko, kwa sababu rangi ile iliyoshika ndiyo ladha yenyewe. Kitunguu saumu kitiwe mwishoni, kwa dakika moja tu, maana hukauka na kuungua haraka na uchungu wake hautoki.

Kanuni hiyohiyo ya maji inaeleza kwa nini nyama au uyoga uliojazwa kupita kiasi kwenye kikaangio hubaki na rangi ya kijivu: vipande vinatoa maji mengi kuliko yanavyoweza kukauka, na vinachemka badala ya kukaangwa. Kaanga kidogo kidogo, na kausha vipande kwa kitambaa safi kabla ya kuvitia.

#4 MwanaSufu

Nimefuma kwa zaidi ya miaka thelathini na ningependa kuongeza jambo moja ambalo mwanzisha uzi amelipita, pengine kwa kuwa kitambaa cha sufuria hakihitaji vipimo. Mtu akishamaliza miraba yake na kutamani sweta, asianze kabla hajafuma kipande cha kupimia, na kipande hicho akifue na kukikausha kabla ya kukipima.

Wanaoandika mifumo ya sweta, yaani maelekezo ya kuifuma, hutaja idadi ya vitanzi katika sentimita 10. Tuseme mfumo unataka vitanzi 22, na kifua kina vitanzi 220, yaani sentimita 100. Mkono wako ukiwa mlegevu kidogo na kutoa vitanzi 20 tu katika sentimita 10, vitanzi vilevile 220 vitakupa sentimita 110. Tofauti ya vitanzi viwili, ambayo kwenye kipande kidogo huioni, imekuwa sentimita 10 mwilini. Dawa yake ni kupunguza unene wa sindano, wala si kujilazimisha kukaza mkono, kwa sababu mkono uliolazimishwa husahau kukaza mara tu mazungumzo yanaponoga. Nasema afue kwanza kwa sababu sufu hubadilika ikilowa: vitanzi hutulia, na nyuzi nyingine hupanuka kwa kiasi cha kushangaza.

Na nguo ya sufu ifuliwe kwa maji baridi au ya uvuguvugu, bila kusuguliwa, bila kukamuliwa kwa kusokotwa, ikaushwe ikiwa imelazwa. Unyoya wa sufu una magamba madogo. Joto, maji, sabuni na kusuguliwa huyafanya yashikane, na yakishashikana hayaachani tena. Nguo ya mtu mzima hurudi na kuwa ya mtoto. Kwa kitambaa cha kuipulia sufuria, hata hivyo, kasoro hiyo ni faida: fuma miraba mikubwa kidogo, uifue kwa maji ya moto huku ukiisugua kwa nguvu, nayo itakuwa mizito, isiyo na matundu ya kupitisha joto. Jambo hili litazame kwenye karatasi ya uzi kabla ya kununua, kwa kuwa sufu iliyotengenezwa ili ifuliwe kwa mashine haitashikana hata ukiisugua siku nzima. Karatasi hiyo pia ina namba ya kundi la rangi; kwa kazi kubwa, nunua mabonge yote yenye namba moja, maana rangi ileile iliyopikwa siku tofauti huonyesha mstari kifuani.

Ninapowafundisha vijana, huwaambia kwamba wanashika kazi ya zamani sana. Miongoni mwa vitu vya kale zaidi vilivyofumwa kwa njia hii na vilivyosalia hadi leo ni soksi za pamba zilizopatikana Misri, za karne kadhaa kabla ya mwaka 1500, zenye mapambo ya rangi mbili yaliyopangwa kwa ustadi mkubwa. Mwingereza William Lee alitengeneza mashine ya kufumia soksi mwaka 1589, na hata hivyo mikono haijaacha sindano.

#5 Jiko_Dogo

Shikamoo, MwanaSufu, na asante kwa maelezo. Swali langu ni la jiko. Maharage yangu hayalainiki. Nimechemsha saa tatu na bado yana ugumu katikati, nami huyapika na nyanya tangu mwanzo ili ladha iingie. Je, kosa ni chumvi? Nimeambiwa chumvi hukaza maharage.

#6 MwanaSufu

Marahaba, mwanangu. La maharage namwachia mwanzisha uzi, maana ameniambia aliwahi kulia juu ya sufuria moja ya maharage.

#7 Sindano_Mbili

Ni kweli, na yalikuwa ya nyanya vilevile.

Ndugu Jiko_Dogo, chumvi haina hatia. Tatizo ni nyanya. Asidi huzuia kuta za chembe za maharage kulegea, na maharage yaliyotiwa nyanya mapema yanaweza kuchemka nusu siku na kubaki magumu. Yapike kwanza peke yake hadi yalainike kabisa, kisha ndipo utie nyanya, na ladha itaingia katika nusu saa ya mwisho. Chumvi kwenye maji ya kuloweka husaidia hata ganda kulainika. Vyanzo vingine vya ugumu ni maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu mno, na maji yenye madini mengi ya kalsiamu.

Namna yangu ni hii. Usiku naloweka maharage kwenye maji mengi yenye chumvi kidogo. Asubuhi namwaga maji hayo, natia mapya, nayachemsha kwa moto mkubwa, kisha napunguza moto hadi mapovu yawe madogo na ya polepole. Kwa maharage mekundu makubwa, hatua ya moto mkubwa si ya hiari: yana sumu ya asili inayosababisha kutapika vibaya, na kuiondoa kunahitaji yachemke kwelikweli, kwa uchache dakika 10, na nusu saa ni salama zaidi. Vyungu vya umeme vinavyopika kwa joto la chini havifikii hapo, kwa hiyo yachemshe jikoni kwanza kabla ya kuyahamishia huko.

Usipime kuiva kwa saa. Toa harage tano, moja kutoka kila upande wa sufuria, uziponde kati ya ulimi na kaakaa. Zote zikipondeka bila unga mkavu katikati, yameiva. Moja ikikataa, endelea.

Hapo ndipo sindano na sufuria zinapokutana katika nyumba yangu. Maharage yanayotokota polepole kwa saa moja na nusu hayanihitaji, isipokuwa kuongeza maji, na saa hiyo ndiyo ninayofumia, nikiwa nimekaa pale ninapoisikia sufuria. Nikimaliza safu kumi nainuka kutazama maji. Adesi, zile dengu ndogo bapa, huiva kwa dakika 20 hadi 30 bila kulowekwa, kwa hiyo ni chakula cha jioni za safu chache. Viazi hutiwa kwenye maji baridi yenye chumvi ili joto lipande sawasawa, ndani na nje, na vinapochomwa kwa kisu vikateleza vyenyewe kutoka kwenye ncha, vimeiva. Lakini ninapokaanga, sindano nazifungia chumbani. Mafuta hayavumilii mtu anayehesabu vitanzi. Mafuta yakishika moto, zima jiko, funika kwa mfuniko, usimwage maji kamwe, wala usiibebe sufuria.

Wali nauweka katikati ya makundi hayo mawili, kwa sababu hauhitaji mikono lakini unahitaji masikio. Osha mchele hadi maji yapungue weupe, tia kikombe kimoja cha mchele kwa kikombe kimoja na nusu hadi viwili vya maji, kutegemea aina, chumvi, na kijiko cha mafuta. Ukichemka, funika na upunguze moto hadi wa chini kabisa. Mwanzoni utasikia mapovu mazito yakipasuka chini ya mfuniko. Yatapungua, yawe ya mbalimbali, kisha itasikika sauti nyembamba ya kuchechea, kavu, kutoka chini ya sufuria. Sauti hiyo inakuambia maji yamekwisha, na una dakika moja au mbili kabla haujashika chini. Zima moto na usifunue. Uache dakika 10, ili mvuke uliobaki uenee na punje za juu zilingane na za chini. Wanaofunua kila mara kutazama wanaupoteza mvuke huo, na mimi nilikuwa mmoja wao hadi nilipojifunza kuweka sikio karibu.

Wali unaobaki usilale mezani. Kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa, huamka wali ukipoa taratibu, na sumu wanayoitoa haiondoki kwa kupasha moto. Utandaze upoe haraka, uingie kwenye friji ndani ya saa moja au mbili, na uliwe kesho yake ukiwa umepashwa hadi utoe mvuke kote.

Mayai ndiyo chakula cha siku ambayo mtu hana nguvu. Yatie taratibu kwenye maji yanayochemka: dakika 7 kwa kiini laini, 10 hadi 12 kwa kiini kigumu, kisha kwenye maji baridi. Mayai yaliyokaa wiki moja hivi humenyeka vizuri kuliko ya leo.

Na kisu kinolewe. Kisu butu huteleza juu ya ganda la kitunguu na kwenda kwenye kidole, kwa sababu mtu analazimika kukisukuma. Mkono unaoshika chakula ukunje vidole kwa ndani, ili ubapa wa kisu uguse viungo vya vidole na ncha zake zibaki nyuma.

#8 Mkono_Mzito

Ndugu Sindano_Mbili, nimefanya kama ulivyosema. Nilikiweka kitambaa changu mezani karibu na dirisha na kukitazama kabla ya kufumua. Hakikuwa na tundu hata moja. Vitanzi vyote vinne vilivyozidi vilikuwa kwenye ukingo wa kushoto, na nilipouangalia mkono wangu mwanzoni mwa safu, niliukuta ukiupandisha uzi juu ya sindano bila mimi kujua. Nimefumua chote. Nimeanza upya, na mraba wa kwanza nimeufuma kwa jioni nne, vitanzi 30 mwanzo, vitanzi 30 mwisho, safu 60. Niliukunja pembe kwa pembe na kingo zikakutana.

Mraba wa pili bado niko safu ya 22. Jana, kwa kuwa huu haujamalizika, niliukunja mara mbili ule wa kwanza na kuipulia sufuria ya maharage, ambayo niliyatia nyanya baada ya kuyaponda matano kwa ulimi. Mkono haukuhisi joto.